Msumari wa Sebuleni

Habari hii niliisikia kwanza kwa mama, mwaka aliofariki kaka yake, siku tulipokuwa tunakunja nguo za marehemu. Ninaiandika kama alivyoisema. Pale nisipokuwa na hakika, nimenyamaza.

Mjomba alikuwa dalali wa nyumba, na watu walimwita Koleo. Alizoea kusema kwamba wauzaji wengi hawauzi.

"Wapo wanaotaka tu kusifiwa nyumba," alimwambia mama. "Ni kama mchumba wa kupita, dada. Anakula kwenu, haoi."

Kwa hiyo kwa kila mwenye nyumba aliuliza bei, akapima kama jirani angeicheka. Akauliza mtahamia wapi. Mwisho alitoa koleo mfukoni, akamwomba mwenye nyumba ang'oe msumari mmoja ukutani, ule wa picha anayoipenda. Aliyeng'oa ni muuzaji kweli. Aliyesema "tutang'oa siku ya kuhama", mjomba alimuaga na hakurudi.

Wakati huo sisi, wazazi na watoto, tulilala chumba kimoja cha kupanga, na mwenye chumba alikuwa ameshatutaka tutoke. Mjomba akapata nyumba ya bibi mmoja mjane. Bei ilikuwa ya haki, hata chini kidogo. Aliyeitaja ni mwanawe.

Walikwenda asubuhi, mjomba na mama. Bibi aliwakaribisha, akawafutia viti vumbi kwa kanga yake. Mama akazunguka vyumbani, na moyoni akaanza kupanga vitanda.

"Mama, utahamia wapi?" mjomba alimuuliza bibi.

"Kwangu," akajibu mwanawe.

Mjomba akampa bibi koleo. Bibi akaishusha picha ya harusi yake, akaubana msumari, akavuta. Kisha mkono ukaacha kuvuta, ukabaki umeshika tu.

"Huu aliupiga baba yao," alimwambia mjomba kwa sauti ndogo. "Mwambie dada yako anisubiri nife. Si mbali."

"Mama naye! Msumari tu huo," mwanawe akacheka. Akamnyang'anya koleo, akaung'oa.

Mjomba akamtazama mama. Kwa kanuni yake mwenyewe, hapo ilikuwa ni kuaga. Mama angeweza kusema, "Kaka, twende." Alitazama chini.

"Umetoka," mjomba akasema.

Tukahamia. Mama aliliziba tundu kwa saruji, akapaka rangi. Asubuhi moja alikuwa anafagia sebule, akainua macho. Msumari ulikuwa mahali pake. Uleule, wenye kutu, kichwa kimepinda. Saruji haikuwa na ufa.

Alimshuku baba. Baba alimshuku yeye. Mama akaung'oa, akautupa chooni.

Kesho yake ulikuwepo. Umelowa.

Mjomba akaitwa. Alikuja mchana, jua kali, watoto tuko shuleni. Akaubana kwa koleo lake. Kabla hajavuta, wakasikia. Ko. Ko. Ko. Sauti ya nyundo. Hapakuwa na nyundo. Msumari ukazama kidogo mbele ya macho yao. Mjomba akaugusa kichwa, akaurudisha mkono haraka. Kilikuwa cha moto.

"Kaka, bibi yule amekufa," mama alinong'ona.

Hakuwa amekufa. Walimkuta kwa mwanawe, kwenye kiti, usingizini. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka. Unapiga hewa. Vidole vimekunjwa, kama vimeshika mpini.

"Tangu ahame," mwanawe alisema. "Kila akilala." Safari hii hakucheka.

Njiani mama alimshika kaka yake mkono. "Tuirudishe nyumba ya watu."

"Na watoto utawalaza wapi?"

Mama akauachia mkono wa kaka yake. Wakarudi nyumbani. Bibi alizikwa mvua zilipoanza, na mama hakuthubutu kwenda mazikoni. Tangu hapo hakuna aliyeugusa msumari ule. Tumekulia chini yake, na hakuna kilichowahi kutundikwa hapo.

Mjomba amekufa. Aliuacha udalali mwaka uleule aliozikwa bibi, na hakusema kwa nini. Baba amekufa. Mwana wa bibi yu hai. Tukikutana sokoni, kila mmoja hujifanya hakumwona mwenzake.

Mama yu hai. Ni mzee sasa, na nyumba imekuwa kubwa kwake. Ndivyo tulivyokubaliana sisi watoto. Juzi mdogo wangu alileta dalali, akataja bei. Dalali akamuuliza mama atahamia wapi.

"Kwangu," nikajibu mimi.

Mama akautazama msumari. Siku hizi hulala mchana, na mkono wake wa kulia haupumziki. Leo nimefagia sebule, nikainua macho. Misumari ni miwili. Wa pili hauna kutu.