Bega Lililokatwa

Haya ninayowaandikia ni kweli tupu, nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe. Nikiongeza chumvi hata punje, ninyolewe hizi ndevu zangu zinazofika kwenye mkanda, ambazo chiriku aliwahi kutaga humo akalea vifaranga vitatu nisijue.

Haya, twende.

Mpwa wangu aliingia sebuleni kwangu saa saba mchana, beji ya kazini bado shingoni, kompyuta kaikumbatia. Mchumba wake, fundi miwani, alikuwa mbele ya kioo akijaribu suti. Ilikuwa Alhamisi. Ndoa Jumamosi.

"Vua hiyo suti."

"Imenibana?"

"Vua. Sijui kama itavaliwa."

Fundi akacheka. Alipomtazama usoni, kicheko kikamwishia njiani.

Mpwa wangu anafanya kazi kwenye kampuni inayowapangisha watu nafasi ya kuweka tovuti zao. Yeye ni mhakiki. Mteja hutuma picha ya uso wake pamoja na kitambulisho, naye huangalia kama ndiye mwenyewe au ni tapeli aliyevaa jina la mwenzake.

Akafungua kompyuta mezani.

"Ombi la leo asubuhi. Jina lako, kitambulisho chako, uso wako. Soma jina la tovuti."

Fundi akainama. "Mapenzi Motomoto."

"Ya nini? Ya kutapeli wanawake, au ya kutafuta mwingine?"

"Mimi hata kufungua tovuti sijui."

"Basi tazama picha. Hili bega lenye ua la kitambaa ni la nani?"

Lilikuwa bega la mpwa wangu mwenyewe. Ile ilikuwa picha yao ya uchumba, ambayo kila ndugu alipewa nakala.

"Umenikata," mpwa wangu akasema. "Umechukua mkasi ukanikata, halafu pale nilipokuwa ukaweka kitambulisho."

Nikaona mtu mzima lazima niseme neno.

"Labda ni mashine, wanangu. Mashine nazo zina wivu."

"Mjomba, nyamaza."

Nikarudi kwenye kiti changu.

Simu ya mpwa wangu ikatoa mlio. Akasoma ujumbe wa bosi wake kwa sauti: "Lile ombi umelikalia tangu asubuhi. Kama ni tapeli, mfungie kabla ya saa nane. Kama unamfahamu, sema."

Akaiweka simu chini. "Nikikufungia, jina lako linakwenda kwa kila kampuni tunayoshirikiana nayo. Nisipokufungia, kazi sina. Na kwa vyovyote, Jumamosi siwezi kusimama kando ya mtu nisiyemjua."

"Kitambulisho hata sinacho," fundi akasema polepole. "Nilimpa Mjomba Jumatatu, apeleke ofisi ya ndoa."

"Kipo salama," nikasema, nikakohoa kidogo.

Fundi hakunitazama. "Uliniambia huwa mnapiga kwanza namba iliyoandikwa kwenye ombi. Umepiga?"

"Nimeshindwa."

"Kwa nini?"

"Naogopa ikiitika sauti yako."

Fundi akatoa simu yake, akailaza mezani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Piga."

Mpwa wangu akabonyeza namba ya kwenye ombi. Simu ya fundi pale mezani ikalala kimya kama kigae. Kisha ndani ya koti langu kitu kikaanza kuimba.

Laini mpya. Nilisahau kuizima.

"Mjomba," akasema. "Pokea."

Ningefanyaje? Nikapokea. "Halo."

"Ninahakiki ombi la tovuti." Alikuwa ananitazama uso kwa uso, simu sikioni, machozi yanamtiririka. "Wewe ni nani?"

"Mjomba wako."

Ikabidi niseme yote. Nilitaka mahali pa kuweka hadithi zangu za mapenzi. Wiki iliyopita niliomba kwa jina langu, mwenzake mpwa wangu wa meza ya pili akanikataa: kwenye kitambulisho changu yumo kijana mwenye kidevu laini, kwenye picha limo gunia la katani la ndevu. Sasa kitambulisho cha fundi ninacho, picha iko ukutani, mkasi uko kwenye droo. Nikaona ni jambo dogo.

"Jambo dogo?" fundi akasema. "Nilikuwa nakosa mke, Mjomba."

Mpwa wangu akamshika mkono. "Nisamehe. Nilipaswa kupiga kwanza."

"Siku nyingine ukinishuku, nipigie."

"Na wewe upokee."

Akamwandikia bosi: "Mwenye kitambulisho ni mchumba wangu, hana kosa. Aliyedanganya ni mjomba wangu, amekiri."

Jibu likaja: "Lifute. Mjomba akitaka tovuti, aje na uso wake."

Fundi akautoa mkasi kwenye droo, ule ule. Ana mkono usiotetemeka, nampa haki yake. Ndevu zilipojaa sakafuni, mpwa wangu akazipekua kwa ncha ya kiatu.

"Vifaranga viko wapi, Mjomba?"

Jumamosi nilisimama shahidi wao, kidevu kikipigwa baridi. Karani wa ndoa akatazama kitambulisho changu, akanitazama mimi.

"Ndiye," akasema, akapiga muhuri.

Jumatatu nikapata tovuti, kwa jina langu na uso wangu, na sharti la mpwa wangu kwamba hadithi ya kwanza iwe hii. Kwa hiyo zile ndevu nilizowaapia pale juu, sinazo. Nililipa kabla sijaapa.