Jiwe Lililolala Kifudifudi

Jumamosi Loisi alijaza maji kwenye jiwe la ubatizo. Jumapili asubuhi akalikuta kavu. Halikuwa na ufa, na sakafu aliyoikandika kwa samadi ya ng'ombe haikuwa na unyevu hata kidogo. Ila ndani ya kanisa kulinuka mvua, ile harufu ya matone ya kwanza kwenye vumbi, na hapo ni kiangazi cha Ugogo, mbingu nyeupe tupu. Mwingine angepiga yowe. Loisi alichukua kata, akajaza tena. Tangu amzike mumewe hakuna kilichomshtua.

Kanisa lenyewe lilikuwa jipya. Miaka ile Wajerumani walipokuwa wakileta reli yao Dodoma, Wakristo wa pale walichoma matofali, wakasimamisha kuta nene zenye madirisha ya tao yasiyo na vioo, wakaezeka nyasi. Kengele yao ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti wa mgunga. Kilichokosekana ni chombo cha kubatizia. Basi Yotham, mume wa Loisi, akaenda na wenzake kwenye kilima cha matambiko, wakakuta jiwe limelala kifudifudi. Wakaligeuza. Lo! Lina shimo katikati, bakuli kabisa!

"Mungu ametuchongea," Yotham alisema, akacheka sana.

Hakucheka muda mrefu. Alikufa akinywa maji mtungi baada ya mtungi, midomo imepasuka kwa ukavu. Kisha mtoto wa jirani yao Ruthu, wa kwanza kubatizwa kwa jiwe lile, akaacha kulia, akanyauka, akafa. Watu walisema ni homa. Watu hawakosi jina la kitu wasichotaka kukitazama.

Sasa ilikuwa zamu ya Raheli, binti mchanga wa Loisi, kitu pekee alichoachiwa na Yotham. Padri Mwingereza angefika kutoka Mpwapwa Jumapili ifuatayo.

"Mwalimu, mtoto wangu abatizwe kwa kibuyu," Loisi alimwambia Bartolomayo, mwalimu wa kanisa.

"Dada Loisi, jiwe tuliliosha, tukaliombea. Unataka turudi gizani?" Kisha akatupa jicho kwenye mlango wa kanisa, sauti ikashuka. "Na tafadhali, usiliseme jiwe lile ukiwa karibu nalo."

Kumbe naye anajua! Loisi hakungoja zaidi. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa Matonya, mtunza kilima kile cha matambiko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeniletea jiwe langu, au umekuja kuniokoa?"

"Jumapili wanambatiza mwanangu kwa maji yake."

Mzee aliacha kutafuna tumbaku. "Lile si bakuli, mjukuu wangu. Ni kifuniko. Wazee walimfunika humo jini mwenye kiu. Mumeo alipoligeuza, akampa pa kunywea." Akanong'ona, "Tutalilaza kifudifudi tena, saa ya jua la utosi. Akikosa chombo cha kuingia, jua litammaliza. Lakini funika kila chenye mdomo wazi."

Jumamosi mchana, Bartolomayo alipokwenda kumlaki padri njiani, Loisi aliingia kanisani na mzee, akafunika mtungi kwa kawa, akaziba vibuyu kwa magunzi, akapindua kata, akafunika hata taa. Raheli alikuwa amelala mgongoni, hana habari. Matonya akachomeka mti chini ya jiwe, akasukuma, na jiwe lilipoinuka ile harufu ya mvua ikawajaa puani hadi wakashindwa kuvuta pumzi, ikafuata sauti ya kitu kinachomeza, gubu, gubu, gubu, ikitoka shimoni, ikizunguka ukutani, ikipita kwenye mtungi na kugonga kawa, ikipita kwenye vibuyu na kutikisa magunzi, ikirudi nyuma ya Loisi pale aliposimama ameganda kama gogo, hata jiwe likaanguka kifudifudi kwa kishindo na kanisa zima likanyamaza.

"Ametoka?" Loisi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umefunika vyote?"

"Vyote, babu."

Mzee alichungulia nje. Jua lilikuwa linawaka. "Basi amekwisha," alisema, akakaa chini kwa kuchoka.

Kesho yake padri alilikuta jiwe limelala, zito ajabu, na watu wamejaa. Akaomba kibuyu. Maji yalipomgusa Raheli kichwani, alilia! Alilia hadi wanawake wakapiga vigelegele, na Loisi akasikia kitu kifuani kilichokuwa kimekufa kikijitikisa. Ilikuwa furaha, na alikuwa ameisahau.

Nyumbani alikaa kumnyonyesha. Mtoto akanyonya. Akanyonya jua likapinda, akanyonya hadi maziwa yakakata, na hata hapo hakuachia. Loisi akainama kumtazama. Kutoka kwenye kile kinywa kidogo ilimjia harufu ya mvua.

Akakumbuka jinsi Raheli alivyokuwa akilala mgongoni siku zote, kichwa kimeangukia nyuma, mdomo wazi.

Gubu, gubu.

Loisi hakupiga kelele. Alimhamishia ziwa la pili.