Onyo Lililonyamaza

Kila alasiri, Kidoti akishavua sare na kula, alikaa jikoni na mama yake kufanya kazi moja. Mama alitengeneza kurasa za tovuti, na mwezi ule alikuwa na ukurasa wa idara ya maji ya mji wao. Kidoti, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mpimaji. Alifunika kioo cha simu kwa kitambaa, akawasha sauti inayosoma maandishi, akasikiliza kama afanyavyo mtu asiyeona. Kitu kikisomeka, alikiwekea alama ya vema kwenye karatasi.

Alhamisi moja, wenzake walimpigia mluzi nje wakati kimebaki kitu kimoja tu: onyo linalojitokeza lenyewe ukurasani hatari ikitokea. Kidoti hakufunika kioo. Alilitazama onyo likitokea, jekundu kama pilipili, akajisemea nani atalikosa hilo. Akaweka vema.

"Umelisikiliza na la mwisho?" Mama aliuliza.

"Nimelisikiliza. Linasomeka," alijibu, mguu mmoja tayari uko nje.

Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya Mama kuukabidhi ukurasa uanze kutumika, maji ya bomba yalikuwa na harufu hafifu, kama ya rangi mbichi ya ukutani. Mbwa wa jirani alinusa bakuli lake, akarudi nyuma. Saa tatu onyo likatokea kwenye kompyuta ya Mama: sumu imeingia kwenye tangi la mji, maji yasinywewe hata yakichemshwa.

Mama alimwaga maji ya birika upesi. Alisema afadhali Shangazi ameshasikia, maana huufungua ukurasa ule kila siku kabla hajagusa bomba. Shangazi, dada wa baba, alikuwa haoni tangu utotoni. Aliishi peke yake mtaa wa pili, akifuma masweta ya wanafunzi.

Kidoti akamshika Mama mkono.

"Mama, sikulisikiliza lile onyo. Nililitazama tu."

Mama hakumgombeza. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Wakakimbia.

Kwa Shangazi mlango ulikuwa wazi. Simu ilikuwa mezani, onyo jekundu limejaa kioo, na sauti haisemi neno. Kando yake palikuwa na glasi iliyobaki nusu. Shangazi alikuwa ameinama kitini, mkono tumboni, jasho likimtiririka. Aliposikia hatua zao alipapasa ukutani awawashie taa, kama alivyowafanyia wageni wake wote. Mkono haukufika.

"Wifi, maji ya leo yana nini?" aliuliza kwa shida. "Simu ilisoma kwamba ni salama. Nikasubiri kama itasema jingine, ikanyamaza."

Zahanati ilijaa watu walioshika matumbo. Kidoti alikaa kwenye benchi, macho yake hayabanduki mlangoni. Mama mmoja asiyemjua alimpa leso bila kumuuliza kitu. Saa saba ndipo muuguzi alipotoka, akasema Shangazi atapona, ila angemaliza glasi ile wangekuwa wanazungumza mengine.

Jioni Mama aliurekebisha ukurasa. Onyo lilikuwa likibandikwa ghafla bila sauti kuarifiwa. Sasa aliliwekea nafasi yake tangu ukurasa unapofunguka, na kuiagiza sauti ikatize lolote inalosoma pindi neno likiingia pale. Kidoti alifunika kioo, akasikiliza mara tatu. Mara zote tatu onyo likasomwa. Mama alikiri kwamba naye alikosea kuutoa ukurasa utumike bila kuusikiliza mwenyewe.

Kesho yake Kidoti alimweleza Shangazi yote, bila kujitetea. Shangazi alimvuta, akamkalisha kando yake kitandani.

"Kutaka kucheza si kosa, mwanangu. Ungesema kimebaki kimoja, mama yako angekingoja. Lakini ile alama yako, kwangu mimi, ndiyo macho yangu. Ukiiweka kwa kitu usichokisikiliza, umenishika mkono ukanipeleka shimoni. Jana ulisema kweli, na ndiyo maana mlinikuta hai. Safari nyingine iseme mapema, kabla mtu hajainua glasi."