Msuli wa Kocha

Lifti moja ilikuwa mbovu, kwa hiyo hospitali nzima iligombania iliyobaki. Mtafiti aliingia kinyumenyume, kakumbatia chombo cha chuma kinachofuka moshi mweupe. Alivaa gauni la bluu iliyoiva na koti jeupe lisilofungwa vifungo, nywele kazibana kwa kalamu. Mlango ukijifunga, bega pana lenye fulana ya njano likajipenyeza.

"Dada, hiyo chai yako inaungua."

"Ni nitrojeni, baridi kuliko barafu. Ikikumwagikia, utalia. Rudi nyuma."

"Nyuma kuna bibi wa watu."

"Si ungepanda ngazi? Mwili wote huo ni wa mapambo?"

Watu walicheka. Mwenye fulana akacheka pia, na hapo mtafiti akaudhika zaidi, maana kicheko kile kilikuwa kizuri. Wakashuka ghorofa moja, wakakata kona moja, wakasimama mbele ya mlango mmoja.

"Usiniambie wewe ndiye unayekata watu mapaja," alisema yule mwanamume.

"Usiniambie wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri."

Alikuwa mwalimu wa mazoezi, mjini kote wakimwita Kocha, na alikuwa amejitolea kutoa kipande cha msuli kwa utafiti. Alilazwa kitandani. Mtafiti akamweleza kwa sauti kavu, kama anayemsomea mashtaka.

"Ndani ya seli za msuli mna kimeng'enya kinachotengeneza akiba ya sukari. Seli ikitaka kipumzike, haikiharibu. Inakibandika fosfati, kinalala. Ukila kitu kitamu, mwili unatoa insulini, fosfati zinabanduliwa, kinaamka. Mimi namtaka mtu mwenye njaa. Umekula?"

"Tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni."

Kocha alidanganya. Asubuhi ile, kwa kuiogopa sindano, alikunywa soda mbili za haraka asije akazimia mbele ya wanawake.

Daktari alichoma ganzi, akachomoa kipande kidogo kama chembe ya mchele. Papo hapo mtafiti akakigandisha kwenye ule moshi, ili fosfati zibaki zilivyo.

Jioni simu ikalia.

"Kidonda kinauma."

"Meza dawa ya maumivu."

"Nimemeza. Kimebaki kiburi chako, hicho nimekosa dawa yake."

"Namba yangu ni ya dharura."

"Ndiyo hii sasa. Hali yangu mbaya, mtesi wangu."

Mtafiti alikata. Kesho yake hakukata haraka. Baada ya wiki chache walikuwa wakigombana kwa simu kila jioni: yeye akimwita jitu, Kocha akimwita mtesi, kisha siku moja, kama aliyejikwaa, kipenzi. Kuonana, mtafiti alikataa katakata. Mshiriki ni mshiriki. Utafiti uishe kwanza. Mama mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, akamuuliza, "Huyu unayemtukana ndiye unayempenda?"

"Simpendi, mama mdogo."

"Basi mbona unajifungia chumbani kumtukana?"

Siku ya kikao cha idara ilikuja. Mtafiti aliweka matokeo ukutani, watu wote wakitazama. Msimamizi wake wa masomo, mama mfupi mwenye miwani ya mnyororo, alinyoosha kidole.

"Huyu mmoja ana njaa, lakini kimeng'enya chake kimebanduliwa fosfati, kiko macho. Njaa gani hiyo?"

"Sijui, mama."

"Mimi najua. Umechanganya vichupa."

"Sikuchanganya."

"Kama umevuruga hiki, hivyo vingine nitaviaminije? Rudia vyote. Kuhitimu, sahau mwaka huu."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Mtafiti alikusanya vitu vyake, na alipofika nyumbani akampigia Kocha, akalia kama hajawahi kulia.

"Wanasema kipande chako nimekichanganya na cha mwingine. Labda kweli nilichanganya. Labda kazi hii siiwezi. Mimi ni mjinga tu."

Kocha aliujua ukweli. Akafungua mdomo, kisha akasema, "Pole, kipenzi. Utarudia tu."

Alirudia. Akapima kipande kilekile kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai, na majibu yakawa yaleyale. Akatazama, akatazama tena. Ghafla akaelewa: kosa si la vichupa, ni la mwenye msuli. Akavua glavu, akachukua mkoba.

Jimu ilikuwa imejaa, muziki unatikisa vioo. Kocha alikuwa akihesabia kina mama wanaoruka alipomwona mtafiti akipita katikati yao na viatu vyake vya kazini, kisha akichomoa waya wa spika.

"Asubuhi ile ulitia nini mdomoni?"

"Tuongee nje."

"Hapahapa."

Kocha alitazama chini. "Soda. Niliogopa sindano."

"Hilo nalielewa, hata mimi naziogopa. Nilipokuwa nakulilia kwenye simu, uliogopa nini?"

Kocha akainama kuuokota ule waya.

"Ulinisikia nikijiita mjinga. Neno moja tu lingenitosha, wewe ukaniambia pole! Mwongo, tena mwoga. Futa namba yangu."

"Kipenzi..."

"Kipenzi mwite mama yako!"

Kina mama wakampisha njia. Mmoja akamwambia Kocha, "Leo umepatikana," na wala hakutabasamu.

Siku kadhaa zilipita bila simu. Kisha msimamizi akamwita ofisini. "Lipo jitu hapa limekiri kwamba lilikunywa soda. Nimelitukana mpaka nimechoka, haliondoki. Ondoa kipande chake, andika sababu. Vingine havirudiwi, utahitimu." Akavua miwani, akaifuta. "Na vichupa hukuchanganya. Haya, litoe nje."

Kwenye korido, Kocha alisimama na shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja.

"Usidhani nimekusamehe," mtafiti alisema.

"Sidhani. Nataka kukuoa."

"Una wazimu? Mimi niolewe na mtu ambaye akinyamaza lazima nimkate paja ndipo nijue ukweli?"

"Basi sinyamazi. Lile gari ninalolisifia kwenye simu ni la shemeji. Mbio sizipendi, nazichukia toka utoto."

"Hayo ndiyo ya kunambia?"

"Nina mtoto. Ana miaka minne, yuko kwa mama yake. Tuliachana kwa sababu ya hayahaya, kunyamaza kwangu. Niliogopa ukijua hutapokea simu tena."

Mtafiti aligeukia dirisha, akauhamishia mkoba bega la pili.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Akavuta benchi la wagonjwa, akakaa, akapakata mkoba wake. Hakutabasamu, wala hakumwonyesha pa kukaa.

"Endelea," akasema.