Nundu ya Kiangazi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumatatu, mgonjwa wa kwanza wa kliniki ya meno alijikwaa uani, akaanguka kifudifudi, na jino alilokuja kung'olewa likang'oka bure. Kilichomkwaza ni nundu, ndefu kama mbuzi aliyelala, iliyoinuka kwenye nyasi bandia hatua mbili kutoka ukutani.

Fundi aliyezitandika nyasi hizo aliitwa, akaja mbio. Kazini humwita Mama Zulia. Meneja wa kliniki alimpokea mlangoni na karatasi mbili mkononi.

"Mama, mambo ni mawili. Ama kazi yako mbovu, ama mfagiaji anamwaga maji ya deki hapa kila siku. Mimi nasema ni mfagiaji. Tia saini kwamba ni yeye, wewe huna lawama. Barua yake ya kufukuzwa hii hapa, anaipata saa sita."

Mfagiaji mwenyewe, mwanamke wa makamo, alikuwa amesimama hapo hapo na ufagio wake. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimweka mjini.

Tusidanganyane, kalamu ilimwasha Mama Zulia mkononi. Saini moja tu, na jina lake lingebaki safi. Lakini huyu mama ana ukaidi wake, hasaini kitu asichokielewa.

"Nipe mpaka saa sita," alisema, akavua viatu.

Alianza na yale anayoyajua. Chini ya nyasi kuna kokoto, na chini ya kokoto kuna udongo wa mfinyanzi, udongo mlafi kweli kweli: ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kumi na moja. Kwa hiyo kuna mtu aliyeunywesha.

Saa tatu na nusu alimfuata mlinzi, ambaye alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Ni kweli namwagilia, mama. Saa kumi jioni, uwanja mzima. Nyasi hizi zinachemka, chapati inaiva juu yake."

"Mwagilia tu, ndugu yangu. Maji ya juu yanapita kwenye kokoto yanaishia mtaroni. Wewe ungevimbisha uwanja mzima, si mahali pamoja. Niambie, Jumamosi kliniki ikifungwa, nani huingia humu?"

"Hakuna. Ila wiki tatu zilizopita meneja alikuja peke yake. Akanituma soda kule sokoni, mwendo wa nusu saa. Narudi nayo, hata hakuinywa."

"Ukainywa wewe."

"Sasa ningeimwaga?"

Mama Zulia alicheka, akarudi uani, akasimama getini jua likiwa mgongoni. Nyasi bandia zina ulalo, zote huelekea upande mmoja. Yeye huzilaza zikitazama geti, ili mgeni azione zimejaa. Pale juu ya nundu, kipande cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia kiling'aa tofauti. Kilikuwa kimelala kinyume. Fundi hawezi kukosea hivyo hata akiwa usingizini, kwa hiyo aliyekikata na kukirudisha hakuwa fundi.

Saa tano alimkuta mfagiaji anafuta ngazi za kutokea uani.

"Dada, maji ya deki unamwaga wapi?"

"Chooni, mdogo wangu. Huku uani nitayaleta ya nini?"

"Na yale ya kiyoyozi cha meneja? Nilipokuwa natandika hapa palikuwa na ndoo chini ya dirisha lake."

"Ilikuwa inajaa mara mbili kwa siku. Wiki tatu hizi kanirudishia ndoo, anasema kiyoyozi kimetengenezwa, hakitoi maji tena."

Juu ya vichwa vyao kiyoyozi hicho kilikuwa kinanguruma. Mama Zulia alikisikiliza kidogo, kisha akaenda kumwita daktari, mwenye kliniki.

Saa sita kasoro dakika kumi walikuwa wote uani. Meneja alikuwa na barua yake. Mama Zulia alipiga magoti, akakiinua kile kipande. Chini yake kokoto zilikuwa zimefukuliwa mpaka kwenye udongo, na ndani ya shimo mpira mwembamba ulikuwa unatiririsha maji. Aliuvuta, ukafichuka mpaka ukutani, ukapanda hadi dirisha la meneja.

"Ni fundi wa kiyoyozi huyo," meneja alisema haraka.

"Huenda. Ila mimi nyasi nazishika kwa misumari mirefu. Hizi zimeshikwa na hivi." Alifungua kiganja. Vilikuwa vibanio vya karatasi, vimenyooshwa. "Fundi gani wa kiyoyozi hutembea na vibanio vya karatasi, bosi?"

Daktari alichukua kibanio kimoja, akamwonyesha meneja. Meneja akakitambua, akaacha kubisha.

"Ile ndoo ilikuwa inalia, daktari. Tone, tone, tone, tangu saa saba mchana mpaka saa tisa. Nilikuwa silali."

"Hulali saa ngapi?"

Hapo ndipo alipogundua amejipalia makaa. Akaeleza yote, sauti ikizidi kushuka: hakujua kumbe udongo huvimba, na nundu ilipotokea aliona aibu, maana tangazo la kukataza watu kugusa nyasi alilibandika yeye.

"Kwa aibu yako ukataka mwenzako akose kazi," daktari alisema. Aliichukua ile barua, akaichana. "Nisubiri ofisini."

Kisha akamgeukia mfagiaji. "Na wewe, mama, kwa nini hukuniambia habari ya ndoo?"

"Hukuniuliza, daktari. Nina miaka tisa hapa. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Daktari alivuta benchi la wagonjwa, akakaa, akamwonyesha mfagiaji nafasi kando yake.

"Haya," alisema. "Nakuuliza. Kuna lingine?"

Mfagiaji aliuegemeza ufagio ukutani, akakaa taratibu, akajiweka sawa kama mtu mwenye mengi.