Anwani ya Koplo

Asubuhi hiyo ukumbi wa uandikishaji ulijaa hadi mlangoni. Watoto wanalia, wakubwa wanagombana nani alitangulia, na katikati ya zogo hilo koplo mmoja, magwanda yamepigwa pasi sawasawa, akasimama mbele ya meza namba tatu. Karani wa meza hiyo alivaa blauzi ya zambarau na hereni ndogo za dhahabu. Koplo akasahau alichofuata.

"Afande, umekuja kujiandikisha au kunitazama?"

"Nikisema kweli utanifukuza."

"Anwani."

"Niko kambi ya mpakani. Hapa mjini nimekuja likizo ya wiki mbili."

"Askari aliyepangiwa kazi mbali huandikishwa pale alipoishi mwisho kabla ya kuhamishwa. Inabaki hivyo mpaka aje mwenyewe kutaja makazi mengine. Ulikuwa unaishi wapi?"

Koplo akataja mtaa na namba ya nyumba. Hakusema ni kwa nani, na karani hakuuliza. Walikosea wote wawili, mimi simtetei yeyote.

Likizo ile waliimaliza pamoja. Baada ya hapo ikawa ni simu tu, kila jioni saa moja, miezi minane.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Nani anacheka nyuma yako?"

"Sajenti."

"Sajenti ana sauti nyororo hivyo?"

"Ana mafua, mpenzi."

Naam, karani alikuwa na wivu, tena wa kuonea hata mto wa kambini. Koplo alifurahia, akidhani wivu ni pambo la mapenzi. Hakuwa bado ameuona ukichachamaa.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya kuhakiki daftari la wapiga kura, akaingia msusi mmoja mrefu, gauni la manjano limemkaa mwilini, manukato yametangulia kufika. Akaweka bahasha mezani.

"Barua ya koplo imeletwa kwangu, dada. Inasema asipohakiki taarifa zake hadi Ijumaa saa kumi, anafutwa. Mimi sitaki kura ya mtu iharibikie mikononi mwangu."

Karani akasoma jina, akasoma anwani.

"Wewe ni nani wake?"

"Tuliishi pamoja miaka miwili. Sasa hivi muulize mwenyewe. Anwani yake bado ni kwangu, si unaona?"

Akaondoka kwa mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Kazi ya karani ilikuwa kupiga simu kambini siku ileile. Badala yake akaitia bahasha kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Na afutwe, alijisemea. Kaniandikisha nyumba ya mwanamke wake kwa mkono wangu mwenyewe.

Jioni simu ililia mara tisa. Ya kumi akapokea.

"Mahabuba, kulikoni?"

"Gauni la manjano linakusalimia."

"Gauni gani?"

"La nyumbani kwako."

Akakata, akamfungia asiweze kupiga tena, akalia mpaka kola ikalowa. Jumanne hakula. Jumatano alimgombeza mzee wa watu kwa kusahau miwani. Alhamisi aliitazama ile droo kutwa nzima, akijua anachofanya ni kosa kubwa, na bado hakuifungua.

Ijumaa saa tisa na nusu, koplo huyo kwenye foleni, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakumruka mtu. Zamu yake ilipofika zilibaki dakika kumi.

"Nani kakuambia uje?"

"Yeye. Alinipigia Jumatano kuuliza kama barua imenifikia."

"Kumbe namba yako anayo."

"Anayo. Nami nimeomba ruhusa ya dharura, nimesafiri siku mbili, ili nitoke nyumbani kwake hata kwenye makaratasi. Niliandika pale kwa sababu ndiyo kanuni. Wewe ndiye uliyenisomea."

Kweli tupu. Karani akafungua droo, akaweka bahasha mezani.

"Ilikuwa hapa tangu Jumatatu. Nilitaka ufutwe. Niliona wivu mpaka nikaificha kura yako."

Koplo aliigeuza bahasha, akasoma jina lake.

"Hiyo inauma," akasema.

"Najua. Nisamehe."

"Na mimi nilitakiwa nikuambie nyumba ni ya nani. Niliogopa utanuna."

"Ningenuna."

"Basi nipe fomu ya kuhama."

Akajaza. Kwenye makazi akaandika mtaa wa karani, nyumba ya karani.

"Hapo ni kwangu," karani akasema.

"Ndiko nitakakorudi nikimaliza kazi ya mpakani. Kama mwenyewe anakubali."

"Fomu inataka uhusiano na mwenye makazi."

"Andika mume."

"Siwezi kuandika kisichokuwepo. Wiki hii nimeshavunja kanuni moja."

"Basi andika mchumba. Hilo lingine nitakuja kulihakiki mwenyewe."

Karani akajifuta machozi kwa kiganja, akaandika MCHUMBA kwa herufi kubwa, kisha akanyoosha mkono.

"Simu."

"Ya nini?"

"Mtumie ujumbe wa shukrani, nikiusoma. Kisha namba yake uifute."

Koplo akaandika, akatuma, akafuta. Karani akaichukua simu, akaanza kusoma majina yaliyobaki, moja baada ya jingine.

"Mwanangu," bibi mmoja akasema kwenye foleni, "tugongee mihuri tuondoke. Huyo utamkagua vizuri mkiwa kwenu."

Muhuri ukagongwa saa kumi kasoro dakika mbili. Simu koplo alirudishiwa saa kumi na mbili.