Springi za Selestini

Dada yangu Elinipa hakuwa mwoga. Alisomea uuguzi, akapangiwa Kigoma, mahali ambapo wenzake wakipangiwa walilia kwanza ndipo wakapanda treni. Yeye alipanda treni akitafuna karanga. Kitu kimoja tu kilimshinda hapa duniani, nacho ni kona.

Huo ulikuwa mwaka 1996, wakimbizi wa Burundi wanaingia kila siku, na Elinipa alikuwa akisimamia zahanati ya kituo cha mapokezi huko juu, karibu na mpaka wa Manyovu. Jumatatu alipanda, Ijumaa alishuka, kwa Starlet nyeupe aliyonunua na mumewe, shemeji yangu Vedasto, mwalimu wa jiografia. Ile barabara ya vumbi inayotoka Mwandiga kupanda milima ya Kalinzi, upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hakuna kitu. Kigari kikiingia kona kilikuwa kinalala kama mlevi anayetafuta ukuta.

Tena alikuwa mjamzito. Mkunga mwenzake alisikiliza tumbo kwa ile pembe yao, akasema amesikia mioyo miwili. Kipimo cha picha hatukuwa nacho, lakini mkunga yule alikuwa amezalisha nusu ya mji na hakuna aliyembishia. Mimi nikaitwa kutoka kwetu Upareni nije kumsaidia dada. Nilifuma kofia mbili za sufu, moja ya kijani, moja ya manjano. Nazitaja kofia mapema ili msije mkasema nimezizua baadaye.

Jumamosi moja tulipeleka gari kwa fundi Gervasi, mwenye gereji pale Mwanga, Kigoma mjini. Gervasi alikandamiza bampa kwa viganja viwili, akaachia. Gari likanesa, likanesa, likanesa.

"Mwalimu, shokapu zimekufa na springi zimechoka," alimwambia Vedasto. "Ukikata kona uzito wote unahamia upande mmoja, na hakuna cha kuushika. Hapa panataka springi ngumu, shokapu za gesi na stabilaiza nene. Ile fimbo ya chini, inayoshikanisha gurudumu la huku na la huku ili gari lisilale."

"Vinapatikana wapi?"

"Dar es Salaam." Gervasi alijifuta mikono taratibu. "Au Ujiji."

Ujiji aliyoisema ilikuwa uani kwa Bi Zuhra, mjane wa mfanyabiashara wa dagaa. Chini ya turubai palikuwa na Starlet ileile, ila ya bluu, namba za Burundi, usukani upande wa kushoto kama magari yote ya kwao. Mwenyewe aliitwa Selestini. Kabla ya vita alikuwa akishindana nalo Jumapili kwenye vilima vya Bujumbura, na huko chini alikuwa amelifunga vyuma vya mashindano. Mwaka 1993 alivuka nalo, akamwachia marehemu mume wa Bi Zuhra kama amana. Alisema anarudi kwa miguu, kwa njia za porini, kumchukua mkewe. Mkewe alikuwa mjamzito. Hakuonekana tena.

"Kuuza siuzi. Si changu," Bi Zuhra alisema baada ya kuitikia shikamoo zetu.

Gervasi akaleta hoja yake ya kifundi. Hatununui. Tunaazima vyuma vya chini, tunaweka vyetu vilivyochoka mahali pake ili gari la watu lisimame kwa miguu yake, na mama akishajifungua tunarudishia. Amana inabaki palepale. Nakiri hata mimi niliona ni sawa.

Bi Zuhra alilitazama tumbo la dada yangu kwa muda mrefu.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu," alisema. "Lakini na mimi nimezaa. Chukueni. Ila ukishaitumia amana, mwenyewe akija atakutafuta wewe, si mimi. Kwa hiyo kila unapoketi, kabla hujawasha, mtake radhi. Sema, mwenye mali, naazima. Basi. Usiongeze neno."

Gervasi alifunga vyuma vile kwa siku moja. Alipokandamiza bampa likashuka mara moja, likapanda mara moja, likatulia. Na barabarani, jamani! Elinipa alirudi Ijumaa akicheka. Alisema anaingia kona na gari linabaki wima, magurudumu yameng'ang'ania ardhi, chai haimwagiki kikombeni. Kwa mara ya kwanza tangu apate mimba alilala usiku kucha. Vedasto alimchinjia Gervasi jogoo.

Sasa, sisi tumelelewa vipi? Huwezi kula mbele ya mtu bila kumwambia karibu. Huwezi kumtaja mtu akiwa hapo, ukaondoka kimya. Ni adabu, iko mdomoni kabla hujafikiri. Jumatatu moja asubuhi nilimpelekea dada chupa ya chai garini. Jua limetoka, ana furaha. Akaketi, akapigapiga dashibodi kama mgongo wa ng'ombe mpole.

"Mwenye mali, naazima," akasema. Kisha akaongeza, "Karibu twende. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Tulicheka wote wawili. Gari likanesa mara moja, upande wa kushoto. Nilidhani gurudumu limekaa juu ya jiwe. Lilipoondoka nikatazama chini, hapakuwa na jiwe.

Ijumaa iliyofuata gari lilirudi limelala kushoto, mbele, upande ambao kwetu anakaa abiria. Gervasi alipima kwa vidole kati ya tairi na bodi. Kulia viliingia vinne, kushoto viwili. Akasema springi ya kushoto imechoka, akaifungua, akaipeleka kulia, na ya kulia akaileta kushoto. Ndivyo mafundi wanavyomkamata mwizi. Kama springi ni mbovu, gari litalala upande mpya.

Gari liliendelea kulala kushoto.

Gervasi alikusanya spana zake, na alipokuwa anaondoka alizunguka gari kwa mbali. Jioni nilikwenda kufagia ndani ya gari. Niliketi kile kiti cha kushoto ili nifikie zulia. Kilikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Tangu siku hiyo, nikipanda nilikaa nyuma.

Wiki chache baadaye, mimba ikiwa imeingia mwezi wa nane, Elinipa alirudi na hakucheka. Aliketi jikoni akinitazama nikichambua dagaa.

"Edina," alinong'ona, "nimeshuka mlima wote kwa upande wa kulia wa barabara. Sikujua. Lori likanipigia honi, ndipo nikajua."

"Ulisinzia?"

"Mikono yangu ilikuwa inakata kushoto. Usukani ulikuwa unakwenda kulia."

Burundi wanaendesha kulia. Mwalimu wa jiografia alilijua hilo kuliko sote, na uso ulimsawajika. Aliamua vyuma vitolewe kesho yake. Lakini Gervasi alikuwa amekwenda Kasulu kwenye msiba, na fundi mwingine hakukubali kugusa gari lile. Vedasto alimkataza mkewe kupanda mlima. Elinipa akajibu kwamba ana siku mbili tu za kumkabidhi mwenzake kazi, kwamba kule kuna kina mama wanaojifungulia chini ya miti ya watu, na kwamba ajali haina kinga, hata kitandani inakufuata. Nilikwenda naye. Niliweka mkoba wa uzazi kiti cha nyuma, kofia zote mbili ndani.

Watu wanadhani mambo haya hutokea usiku. Yetu yalitokea saa nane mchana.

Uchungu ulimshika akiwa kituoni. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka na majeruhi. Mapacha, wiki zao hazijatimia, na kule juu hakuna chumba cha upasuaji. Mimi siwezi kuendesha hata baiskeli. "Ndio kwanza unachungulia," dada alisema, akimaanisha uchungu. "Tutawahi." Nilimwona macho. Aliogopa. Hofu yake haikuwa kwa ajili yake mwenyewe, ilikuwa kwa ajili ya wale wawili.

Hakumtaka radhi mwenye mali. Alisahau. Na mimi nilisahau.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Tulipofika kona ya kwanza usukani ulizunguka, ukazunguka tena, na gari likageuka pale penye uwazi kwa ustadi ambao dada yangu hana. Likaanza kupanda. Tulikuwa tunarudi mpakani.

"Dada, simamisha."

"Nimekanyaga breki."

Alikuwa amekanyaga kweli. Niliuona mguu. Aliitoa mikono yake kwenye usukani, na usukani ukaendelea na kazi. Kona ikaja. Gari halikulala. Kona nyingine. Halikulala. Upande wa kulia, daima upande wa kulia. Nililia kimya kimya nisimwongezee dada yangu.

Tulisimama penye kinjia cha miguu kinachoingia migombani kuelekea Burundi. Injini ikazima. Mlango wa mbele kushoto ukafunguka.

Gari likainuka upande ule.

Tulingoja. Elinipa aliuma kanga yake. Ukungu ulikuwa unaingia kwa ule mlango, pamoja na harufu ya udongo uliochimbwa karibuni. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume, chini, ya upole, sauti ya mtu anayemwita aliyechoka.

"Ngwino."

Kirundi hicho nilikuwa nimeshakijua. Njoo.

Mlango wa nyuma kushoto ukafunguka, ubavuni kwangu. Kiti kikabonyea. Mkoba wa uzazi ukateleza kuelekea upande ule, taratibu, ukaegemea kitu. Nilitazama magoti yangu. Mkono wangu wa kushoto ulipata baridi kuanzia bega mpaka kiganja. Karibu na sikio langu mtu alikuwa anahema kwa tabu, kama dada yangu alivyokuwa anahema, pumzi kwa pumzi.

Mbele pakashuka. Milango ikafungwa. Injini ikawaka.

Tulishuka. Sijawahi kuendeshwa vizuri namna ile, wala sitaki tena. Kila kona gari liliikumbatia, halikuyumba, halikuteleza hata penye tope. Elinipa alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Hatukupishana na gari hata moja.

Mwandiga kulikuwa na kizuizi. Gari lilisimama lenyewe, upande wetu wa barabara sasa. Askari mmoja aliinama dirishani, akatutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa.

"Watu wanne kwenye kigari hiki, na wajawazito wawili," alisema. "Piteni, piteni upesi."

Elinipa alijifungua salama, hospitali ya mjini, kabla ya magharibi. Msichana, mzima, analia vizuri. Mkunga yule wa mioyo miwili ndiye aliyempokea. Alingoja wa pili. Akapapasa tumbo, akaita daktari, daktari naye akapapasa. Hapakuwa na wa pili. Hapakuwa na dalili kwamba aliwahi kuwepo. Daktari alisema mkunga alisikia vibaya. Mkunga alikwenda kukaa nje kwenye benchi.

Nilifungua mkoba nimvishe mtoto. Kofia ya kijani ilikuwemo. Ya manjano haikuwemo. Nilikung'uta mkoba, nikapekua gari zima, nikatambaa chini ya viti. Gari lenyewe lilikuwa limesimama sawa, kulia na kushoto.

Gervasi aliporudi alivitoa vyuma akavirudisha Ujiji siku hiyohiyo, akavifunga kwa kulala chini, maana milango ilikuwa imefungwa na hakutaka ifunguliwe.

Dada yangu alipotimiza siku arobaini za uzazi alitaka kwenda mwenyewe kumtaka radhi mwenye amana. Tulikwenda naye, mtoto mgongoni. Bi Zuhra alivua ufunguo shingoni. Huo ufunguo, alituambia, haukuwa umetoka pale tangu mumewe afe. Tukafunua turubai. Lile gari la bluu, ambalo siku ya kwanza lilikuwa limesimama wima, sasa lilikuwa limedidimia, mbele kushoto na nyuma kushoto.

Bi Zuhra alizungusha ufunguo kwa nguvu kwa sababu ya kutu. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka mitatu, limelala kila mahali kama unga wa muhogo. Kwenye kiti cha nyuma tu, upande wa kushoto, vumbi halikuwepo. Na hapo palikuwa na kofia ya manjano.

Ilikuwa safi. Ilikuwa imetanuka kidogo, kama inavyotanuka kofia ya mtoto akishaivaa wiki kadhaa.

Niliingiza mkono niichukue. Elinipa akanishika kifundo, kwa nguvu, kucha zikaingia. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti yake ilikuwa ileile anayotumia wodini.

"Iache, Edina," alinong'ona. "Atasikia baridi."